KIPYA KINYEMI, LAKINI NANI ATAKITENGENEZA?

(Mazungumzo kwa watumishi wa umma na walimu, Pasiansi, Mwanza)



Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hiyo haimkatazi mtu kupenda kitu kipya. Inamwonya tu kwamba upya unaweza kumfumba macho asiuone ubaya uliomo ndani. Onyo hilo lina uzito wa pekee siku hizi, kwa kuwa madukani vimejaa vitu vinavyong'aa ambavyo siku ya kufa kwake imekwisha kupangwa na aliyevitengeneza.

Mfano wa kwanza uko karibu. Kutoka Pasiansi hadi Mwaloni Kirumba, kwenye soko la dagaa na samaki wakavu, ni mwendo mfupi. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku wa giza, mwezi usipokuwapo, kwa mwanga wa taa zinazoelea juu ya maji. Kwa miaka mingi taa hiyo ilikuwa karabai. Karabai ilikuwa na kero zake: ilikula mafuta ya taa usiku kucha, na kioo chake kikiwa cha moto kilipasuka kwa tone moja la maji. Hata hivyo, kilikuwa chombo cha wazi. Mvuvi alijua jinsi hewa iliyosindikwa tangini kwa pampu inavyoyasukuma mafuta juu, yakageuka mvuke na kuwaka katika kile kifuko chembamba cha uzi. Kifuko kikichanika, alinunua kifuko. Ngozi ya pampu ikilika, alibadili ngozi. Tundu likiziba, alilizibua kwa sindano. Hakulazimika kununua taa nzima kwa sababu ya kasoro ya shilingi chache.

Leo mahali pa karabai panachukuliwa na taa za umeme wa betri, nyingine zikichajiwa kwa jua. Hakuna mwenye akili atakayeyashutumu mabadiliko hayo. Mvuvi ameepushwa na gharama ya mafuta ya kila usiku na moshi wake. Lakini kila betri ina kikomo chake, na siku moja itachoka. Hapo ndipo taa mbili zinazofanana kwa sura zinapotengana. Ile iliyofungwa kwa skrubu hufunguliwa, hutiwa betri nyingine, ikarudi ziwani. Ile iliyogandishwa kwa gundi hutupwa nzima, ingawa balbu, swichi na nyaya zake bado ni salama.

Na gharama yake humwangukia nani? Katika uvuvi wa mgawo, kwa kawaida gharama za kazi huondolewa kwanza, ndipo kinachobaki kigawanywe. Kwa hiyo taa iliyokufa kabla ya wakati wake hailipiwi na tajiri wa mtumbwi peke yake. Humlipisha pia baharia, ambaye hakuwa na sauti wakati wa kuinunua.

Je, haya ni bahati mbaya tu? Historia inajibu kwamba mara nyingine ni mpango. Desemba 1924, huko Geneva nchini Uswisi, makampuni makubwa ya taa za umeme, yakiwamo Osram ya Ujerumani na Philips ya Uholanzi, yaliunda umoja uliojulikana kwa jina la Phoebus. Yaligawana masoko ya dunia, kisha yakakubaliana kwamba balbu ya kawaida iwake saa 1,000 basi, ingawa kabla ya hapo balbu nyingi ziliwaka saa 1,500 hadi 2,000. Mwanachama ambaye balbu zake zilidumu kupita kiasi hicho alitozwa faini. Wenyewe walijitetea kwamba balbu ya maisha mafupi hutoa mwanga mkali zaidi kwa umeme uleule, na hilo lina ukweli wake kisayansi. Lakini kama nia ilikuwa mwanga tu, mnunuzi angeelezwa na kuachiwa achague mwenyewe. Hakuelezwa, wala hakuachiwa. Umoja huo ulivunjwa na Vita Kuu ya Pili ya Dunia, lakini fikra iliyouzaa haikufa nao.

Balbu ya Phoebus ilikufa nyumbani mwa mnunuzi, na mambo yakaishia hapo. Vyombo vya leo huendelea kutawaliwa kutoka mbali hata baada ya kununuliwa. Desemba 2017 kampuni ya Apple ya Marekani ilikiri kwamba programu zake mpya zilikuwa zikipunguza kasi ya baadhi ya simu zake za zamani. Ilieleza kuwa nia ilikuwa kuzuia simu zenye betri zilizochoka zisijizime ghafla. Mwaka 2020 serikali ya Ufaransa iliitoza faini ya euro milioni 25 kwa kutowaarifu wateja. Mwenye simu aliona simu yake inazeeka. Hakujua kwamba ilikuwa imepunguzwa mwendo, na kwamba betri mpya ingetosha kuirudishia nguvu.

Yafaa ieleweke kwamba si kila kinachokufa mapema kimeuawa kwa makusudi. Vingine ni vibovu tangu kuzaliwa. Katikati ya mwezi Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizizima simu bandia nchini kote. Hatua hiyo ilikuwa na sababu nzuri, lakini mwananchi aliyekuwa ametoa fedha zake dukani kwa nia njema ndiye aliyebaki na kipande cha plastiki mkononi. Iwe ni hila ya mwenye kiwanda au ulaghai wa mwenye duka, mwisho wake ni mmoja: mnunuzi hurudi sokoni na fedha hutoka nchini mara ya pili.

Wengine husema hayo ndiyo maendeleo, na kwamba chombo kikongwe hakina budi kutupwa. Wanaosema hivyo na watazame ziwani. Meli ya Victoria ilianza kazi mwaka 1961. Ilijengwa Uskoti, ikasafirishwa vipande vipande na kuunganishwa Kisumu. Mwaka 2020, ikiwa na umri wa karibu miaka 60, ilirejea majini baada ya ukarabati mkubwa uliofanyika hapa Mwanza, ikafungwa injini mpya na kuitwa New Victoria. Hakuna aliyesema injini ikichoka na meli izamishwe. Iliwezekana kwa kuwa waliounda meli ile waliiunda ili ifunguke.

Ndugu walimu na watumishi, jambo hili linawahusu ninyi kwa namna mbili.

Kwanza, ninyi ni wanunuzi na watunzaji wa mali ya umma. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 viligawiwa walimu baadaye, na huo ulikuwa uamuzi wa busara, kwani chombo kilichomaliza kazi moja kilipewa kazi ya pili. Lakini betri za vyombo hivyo nazo zitachoka, na programu zake zitapitwa na wakati. Sheria ya ununuzi wa umma inadai thamani halisi ya fedha, na thamani hiyo haionekani katika bei ya siku ya kwanza. Kila ofisi inayonunua kompyuta, mashine ya kuchapia au taa ya jua yapasa imtake muuzaji ajibu maswali manne kwa maandishi: Je, chombo hiki hufunguka? Vipuri vyake vinapatikana Mwanza? Fundi wa hapa anaweza kukitengeneza? Na programu zake zitahudumiwa kwa miaka mingapi? Muuzaji asiyeweza kujibu, bei yake ndogo ni mtego.

Madai ya namna hiyo si ndoto. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mwaka 2023 ikiweka Februari 2027 kuwa mwanzo wa kuwataka watengenezaji waunde vyombo vidogo vya umeme ambavyo mtumiaji mwenyewe ataweza kubadili betri yake. Nchi za Afrika Mashariki zikikaa kimya, zitageuzwa jalala la vile vilivyokataliwa kwingine.

Pili, ninyi ni walezi wa vijana. Mwanafunzi anayejua kubonyeza kioo cha simu lakini hajapata kushika bisibisi amefundishwa kununua tu. SIDO ipo tangu mwaka 1973, vyuo vya VETA vipo, na mafundi wa vibandani wana maarifa ambayo hayajaandikwa katika kitabu chochote. Mwalimu wa sayansi anaweza kuleta darasani taa moja mbovu na kuifungua mbele ya wanafunzi, kisha akawaachia waitafute wenyewe kasoro yake.

Mtu huimiliki kweli taa anayoweza kuifungua na kuitengeneza. Ile asiyoweza kuifungua ameikodi tu, na mwenye kiwanda ndiye anayejua siku ya kuidai.