Anayemtunza Mgonjwa Wake Naye Anafanya Kazi

(Hotuba ya mwalimu mmoja wa kambi ya Gasorwe, Muyinga, siku ya 20 Juni)



Leo ni Siku ya Wakimbizi Duniani, iliyoadhimishwa kwa mara ya kwanza tarehe 20 Juni 2001. Kamati imeniomba niseme juu ya kazi na kujitegemea. Nitasema juu ya kazi moja isiyoandikwa katika orodha ya posho: kumtunza mgonjwa nyumbani.

Mwaka 2011 mama yetu alipooza upande mmoja wa mwili. Alipelekwa hospitali ya Muyinga, kisha Gitega. Sote tunajua desturi ya hospitali zetu: muuguzi anatoa dawa na sindano, lakini kupika, kufua, kumwogesha mgonjwa na kulala chini kando ya kitanda ni kazi ya mtu wa nyumbani. Wenyeji wetu Warundi wanamwita umurwaza. Kwetu tulikuwa watoto wawili tu. Mimi nilikuwa nimepata nafasi chuo cha ualimu. Mdogo wangu wa kike alikuwa na miaka 15, anasoma sekondari. Hakuna aliyeuliza nani aende Gitega. Alifunga madaftari yake, akaenda. Waliporudi kambini aliendelea kumgeuza mama, kumlisha na kumbeba mpaka chooni, hadi mama alipofariki mwaka 2017. Ni miaka sita.

Mimi nilimaliza chuo, nikapewa darasa, na kila mwisho wa mwezi natia sahihi nachukua posho. Yeye hakutia sahihi popote. Siku moja watu wa kuandikisha walimwuliza kazi yake, akajibu, "Sina kazi." Nilikuwa nimesimama hapo hapo, nikanyamaza. Ndiyo sababu leo nasema.

Ndugu zetu waliohamishiwa Marekani wanatupigia simu wakitueleza kwamba huko mtu anaweza kulipwa kwa kumtunza mama yake mzazi. Wengine wetu tunacheka. Si uongo. Jimbo la California lina mpango wa namna hiyo tangu mwaka 1973. Ujerumani ilianzisha bima ya matunzo mwaka 1995, na mgonjwa anayetunzwa na jamaa yake hupewa pesa kwa ajili hiyo. Wala si mambo ya nchi tajiri peke yake. Mwaka 2011 Kenya ilianza kusaidia nyumba zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, na kwa miaka mingi kiasi kimekuwa shilingi 2,000 kwa mwezi, zinazopokelewa na anayemtunza. Hapa Burundi, mpango wa Merankabandi, ulioanzia Gitega, Karusi, Kirundo na Ruyigi, umewapa mama wa nyumba maskini pesa za kusaidia malezi ya watoto. Shirika la Kazi Duniani lilieleza mwaka 2018 kwamba zaidi ya robo tatu ya kazi ya matunzo isiyolipwa inafanywa na wanawake.

Wazee wataniuliza: je, mtoto alipwe kwa kumwosha mama yake? Nawaheshimu, na mama yangu angeuliza hivyo hivyo. Mdogo wangu hakumtunza mama kwa kutaka pesa. Lakini sabuni, mkaa na uji wa mgonjwa vilinunuliwa, na shule aliyoiacha haikurudi. Wengine wanahofia kwamba watu watajifanya wagonjwa. Hofu hiyo ina haki. Hata hivyo wahamasishaji wa afya wanapita mtaa kwa mtaa; wanamjua aliyelala kitandani na anayemgeuza.

Najua pia kwamba misaada imepungua. Kwa hiyo sidai mishahara. Naomba mambo matatu tu.

Kwanza, Kamati iandike daftari la watunzaji wa wagonjwa katika kila mtaa, pamoja na umri wao.

Pili, nafasi za posho za wahudumu wa afya zinapofunguliwa, miaka ya kumtunza mgonjwa nyumbani ihesabiwe kama ujuzi. Mtu aliyemtunza aliyepooza bila kumpatisha vidonda vya kulala amejifunza kazi.

Tatu, akionekana mwanafunzi katika daftari hilo, majirani wapangiane zamu ili arudi darasani. Hilo halihitaji pesa za shirika. Mimi mwenyewe nitachukua zamu ya Jumamosi katika mtaa wetu, na walimu wenzangu wawili wamekubali kufundisha jioni waliopitwa na masomo.

Mdogo wangu amekaa pale kati ya mama zetu. Siku nyingine watu wa kuandikisha wakipita, nitakuwa nimesimama hapo tena. Safari hii sitanyamaza.