Sonara wa Kouroussa

Wako wanaodai kwamba kukumbuka utoto ni anasa ya mtu asiye na kazi. Camara Laye hakuwa mtu wa anasa. Alizaliwa mwaka 1928 mjini Kouroussa, nchini Guinea, na huko Ufaransa alipata riziki katika kiwanda cha magari cha Simca. Ni ugenini humo alikoandika L'Enfant noir, kitabu kilichochapishwa mwaka 1953.

Ndani yake yumo baba yake, mhunzi na sonara. Mwanamke humletea vumbi la dhahabu alilolitoa matopeni. Wanagenzi huvukuta mifua, manju huimba sifa, na midomo ya baba hutamka maneno yasiyosikika. Pambo likikamilika, baba husimama akacheza.

Wamo pia marafiki, Kouyaté na Check. Check alifariki angali kijana. Waganga wa jadi walishindwa, na hospitali nayo ikashindwa. Kurasa hizo ni chache, lakini ni shida kuzisoma kwa macho makavu.

Mongo Beti, mwandishi wa Kameruni, alimlaumu Laye kwa kuufumbia macho ukoloni. Lawama hiyo ina uzito, maana mkoloni haonekani sana humo. Hata hivyo, shule ya mkoloni iliwafundisha watoto kuwaonea haya baba zao. Na huyu, aliyesoma hadi Ufaransa, hakumwonea haya baba yake hata kidogo.

Mwaka 1965 Laye aliihama Guinea. Alifariki Dakar mwaka 1980, mbali na Kouroussa.