Aina za Mwili Katika Ayurveda na Ardhi Tatu za Taita Taveta

Mada kwa semina ya wahudumu wa afya ya jamii na wataalamu wa mitishamba, Voi



Nimeombwa nizungumzie mafundisho ya Ayurveda kuhusu aina za mwili. Miaka michache iliyopita ningelazimika kwanza kueleza Ayurveda ni kitu gani. Leo Mkenya aliyefuatilia habari za kifo cha Raila Odinga, aliyefariki tarehe 15 Oktoba 2025 huko Koothattukulam, Kerala, alikokwenda kwa matibabu ya Ayurveda, amekwisha kulisikia neno hili. Kabla ya hapo kulikuwa na habari za binti yake Rosemary, aliyetibiwa macho huko huko, na Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, akaisimulia habari hiyo redioni Februari 2022. Basi jina limeenea kuliko maarifa yake, na wauza dawa za chupa wanajua hivyo.

Mafundisho yenyewe ni haya. Mwili huendeshwa na nguvu tatu. Vata ni upepo na mwendo: pumzi, chakula kinavyosukumwa tumboni, mawazo yasiyotulia. Pitta ni moto: usagaji wa chakula, joto la mwili, ukali wa akili na wa hasira. Kafa ni maji na udongo: uzito, ute, uvumilivu, usingizi. Kila mtu huzaliwa na mchanganyiko wake. Mwembamba wa ngozi kavu, mwenye usingizi wa mang'amung'amu, anayesahau hata kula, huyo ni wa vata. Wa pitta hutoka jasho upesi, na njaa ikimshika hasemezeki. Wa kafa ni mnene, mpole, mzito wa kuamka na mzito wa kusahau. Wengi wetu tumechanganya mbili.

Maswali ya kujipima yanayozunguka kwenye simu huacha jambo moja kubwa. Vitabu vinatenganisha umbile ulilozaliwa nalo na hali uliyo nayo leo. Kusawazisha maana yake ni kuirudisha hali ya leo kwenye umbile lako. Mama mnene wa kafa hatakiwi akonde afanane na jirani yake. Anatakiwa aondokane na uzito uliozidi ule wake.

Kwa mtu wa pwani haya si mageni sana. Tiba ya Kiyunani, iliyotufikia kwa vitabu vya akina Ibn Sina, aliyefariki 1037, inahesabu vimiminika vinne: damu, belghamu, safura na sauda. Bibi wa Mombasa anayemkataza mzazi vyakula vya baridi anafuata tiba hiyo bila kufungua kitabu. Hesabu zinatofautiana, tatu kwa nne, lakini njia ni moja: joto kwa baridi, ukavu kwa unyevu.

Sasa nifike ninapotaka kukaa. Charaka Samhita, kitabu cha Ayurveda chenye umri wa kama miaka elfu mbili, hakimtazami mgonjwa peke yake. Kinauliza pia anaishi ardhi gani, na kinazitaja tatu: ardhi kavu yenye upepo na miti michache, ardhi ya maji na majani mengi, na ardhi ya katikati. Ile kavu humpandishia mtu vata na pitta. Ile ya maji humpandishia kafa. Sehemu hii ndiyo inayorukwa na wanaofundisha aina za mwili mijini, na mimi naona ndiyo yenye faida kubwa kwetu, kwa sababu kaunti hii moja inazo zote tatu. Voi iko kama mita 600 juu ya bahari, katikati ya nyika ya Tsavo. Panda matatu kwa mwendo wa saa moja hivi, uko Wundanyi kwenye ukungu, na kilele cha Vuria kinafika mita 2,208. Teremka upande wa pili hadi Taveta, unakuta migomba, mto Lumi na Ziwa Jipe.

Mchukueni kibarua wa mashamba ya mkonge, au mchimba vito wa upande wa Kasigau. Hata awe amezaliwa na kafa tupu, saa nane ya mchana mwezi wa Februari jua na upepo vimekwisha kumgeuza: midomo imepasuka, kichwa kinauma, mkojo umekuwa wa manjano iliyokolea, hasira ziko karibu. Kumpa huyu orodha ya vyakula vya mtu wa kafa, yaani pilipili, tangawizi na kula kidogo, ni kumwongezea taabu. Anachohitaji ni maji kwanza, kivuli, chumvi kidogo, na chakula chepesi chenye mafuta: pojo iliyopikwa na mchele, mtindi, mchicha. Hapa vitabu na watu wa Voi wanagombana kidogo. Kwa Ayurveda ukali wa ndimu na ukwaju huongeza pitta, na mwenye joto aupunguze. Sisi wakati wa jua ndipo tunapotafuta maji ya ukwaju, na ubuyu juu yake. Katika hili nasimama na watu wa Voi. Glasi ya ukwaju inamfanya mtu anywe maji ambayo asingeyanywa.

Milimani mwezi wa Julai mambo ni mengine: baridi, mafua, vifua vya watoto, viungo vya wazee. Hapo tangawizi, manjano na pilipili manga vina kazi, na supu ni bora kuliko maziwa baridi. Kimanga ni chakula kizito, na kinamfaa anayelima matuta ya Werugha tangu asubuhi. Karani anayekaa ofisini Wundanyi akila kimanga kilekile kwa kipimo kilekile, sukari na uzito vitamtafuta, hata kama simu yake imemwambia kuwa yeye ni vata. Taveta sina la kurefusha: penye maji pana mbu, na homa ya Taveta ipimwe malaria kabla ya mtu yeyote kutaja pitta.

Kalenda nayo haiwezi kuagizwa kutoka India. Huko vitabu vinahesabu misimu sita, kila mmoja na chakula chake. Sisi tuna masika na vuli na ukavu kati yake, na huku nyikani vuli ndiyo inayotegemewa zaidi. Atakayefuata ratiba ya Kerala akiwa Mwatate atakuwa anakula chakula cha mvua wakati wa vumbi.

Lakini vitu vinavyotumiwa na Ayurveda viko hapa siku nyingi. Reli iliyoanzwa Mombasa 1896 ilipita Voi ikijengwa na vibarua kutoka India, na nyuma yao yakaja maduka. Manjano, bizari nzima, uwatu, iliki na samli vimo jikoni mwetu. Mwarobaini asili yake ni huko huko.

Kuna jambo ambalo Ayurveda haikulikamata vizuri, na wazee walioko hapa wanalijua kuliko mimi. Dini ya zamani ya Wataita, aliyoiandikia Grace Harris kitabu mwaka 1978, iliweka chanzo cha maradhi mengi katika hasira: ya baba, ya shangazi, ya wahenga. Mgonjwa hakuulizwa ni wa aina gani. Iliulizwa ni nani amemkasirikia, na huyo akaombwa atase, yaani apulize pombe ya miwa kutoka kinywani huku akitamka baraka, hasira imtoke moyoni. Ayurveda inakubali kwamba hasira huchoma, lakini inaitafuta ndani ya mwili wa mgonjwa. Wataita waliitafuta kati ya mtu na mtu. Presha ya mama ambaye hasemezani na wifi yake juu ya shamba haitashushwa na aina ya mafuta ya kupikia peke yake.

Nimalizie kwa tahadhari. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulipima dawa 193 za Ayurveda zilizouzwa kwenye intaneti. Karibu moja katika kila tano ilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Nyingine hazikuchafuka kwa bahati mbaya, maana tawi moja la tiba hiyo hutumia madini kwa makusudi. Ashwagandha inayouzwa ghali kwa chupa ni mmea unaoota wenyewe Kenya, lakini kuota kwake kwetu hakuufanyi salama: umehusishwa na madhara ya ini, na unaweza kugongana na dawa za sukari na za tezi ya shingo. Na aina ya mwili si kipimo cha maabara. Waganga wawili wa Ayurveda wanaweza kumtazama mtu mmoja wakatoa majibu mawili. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imeipa tiba ya asili nafasi yake nchini, nasi tuitumie nafasi hiyo kwa uaminifu.

Wahudumu, mkoba mliopewa una kipimo cha presha na cha sukari. Ukiingia nyumba ya mtu, pima kwanza. Namba zikiwa juu, mpeleke zahanati au hospitali ya rufaa hapa Voi, na umsihi asiache dawa zake kwa sababu ya chupa yoyote. Baada ya hapo kaa naye, muulize anakula nini, analala vipi, anafanya kazi juani au kivulini, na ana ugomvi na nani.