Ufunguo wa Barua Pepe Yako Anao Nani? Mazungumzo ya Kikao cha Tawi



Yafuatayo ni mazungumzo tuliyoyatoa kwenye kikao cha Jumamosi. Wengi mlikuwa msibani, wengine kwenye biashara zenu, kwa hiyo tunayatuma hapa kama yalivyosomwa. Mwenye jirani asiye na simu janja amsomee.

Ndugu zangu, kuna kilio kimoja kinatufikia ofisini kila mwaka vijana wanapomaliza kidato cha sita. Kijana kajaziwa fomu ya Bodi ya Mikopo pale steshenari. Mzazi kalipa, karatasi zimetoka, wote wamefurahi. Baada ya wiki kadhaa anatakiwa kurekebisha kitu kwenye maombi, na hawezi kuingia. Barua pepe alifunguliwa na mhudumu. Nenosiri alilitunga mhudumu. Hata namba ya simu iliyoandikwa ni ya mhudumu, naye siku hizi hayupo tena pale dukani. Hatuwalaumu wahudumu, kwa sababu foleni ni ndefu na mteja mwenyewe ndiye anayesema "we jaza tu". Lakini anayeumia ni mtoto wetu.

Na si mkopo peke yake. Uhakiki wa cheti cha kuzaliwa wa RITA unafanyika mtandaoni. Kazi za serikali zinaombwa kwenye Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira. Vyote hivyo vinaanzia kwenye barua pepe, na mwenye nenosiri la barua pepe anaweza kuomba nenosiri jipya la kila akaunti iliyofunguliwa kwa barua pepe hiyo. Ndiyo maana tunasema jambo la kwanza kujifunza kwenye kompyuta ya nyumbani ni kuimiliki barua pepe yako. Kuchapa haraka kutakuja kwenyewe.

Leo jioni, kila mwenye akaunti ya Gmail aingie kwenye akaunti yake, afungue sehemu ya usalama, aangalie namba ya simu na barua pepe ya kurejeshea akaunti. Ukikuta namba usiyoijua, iondoe uweke yako, kisha badilisha nenosiri. Ukikuta namba yako ya zamani uliyoiacha, iondoe pia, maana laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na namba ile anaweza kupewa mtu mwingine. Nenosiri liwe refu, maneno manne yasiyohusiana yanatosha, na lisiwe jina la mtoto na mwaka aliozaliwa. Kuliandika kwenye daftari linalofungiwa kabatini si dhambi, hata kama vijana watawacheka. Dhambi ni kulituma kwenye kundi la WhatsApp.

Steshenari tutaendelea kwenda, kwa kuwa printa nyumbani ni gharama. Basi twende kwa akili. Ukifungua WhatsApp yako kwenye kompyuta ya duka ili utoe faili, ukiondoka bila kujitoa meseji zako zinabaki zinasomeka pale. Kwenye simu yako kuna sehemu ya vifaa vilivyounganishwa: ifungue, na kila kifaa usichokitambua kiondoe. Wajumbe watatu walijaribu pale pale kikaoni, na mmoja akakuta kompyuta mbili asizozijua. Vilevile kabla hujanyanyuka mwambie mhudumu afute vyeti vyako na nakala ya kitambulisho cha NIDA, kisha amwage na lile pipa la taka la kwenye kompyuta, maana faili lililofutwa mara moja bado limekaa humo. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kumwomba mtu afute taarifa zako si ukorofi.

Sasa twende nyumbani. Wazee wengi wanaogopa kugusa kompyuta wakidhani wataiharibu. Kompyuta haiharibiki kwa kubonyezwa. Inaharibika kwa chai kumwagika juu ya kibodi. Kinachopotea ni kazi, na hupotea kwa sababu ya umeme. Ukianza barua, ihifadhi kabla hujaandika mstari wa pili: shika kitufe cha Ctrl, bonyeza S, ipe jina. Kisha rudia kila baada ya aya. Jina lenyewe liwe na maana, kwa mfano jina lako, aina ya hati na mwaka. Tumeona flashi ya mjumbe ina "CV mpya", "CV mpya kabisa" na "CV mpya ya mwisho 2", na mwenye flashi hajui aitume ipi.

Kitu muhimu kisikae mahali pamoja. Vyeti viwe kwenye kompyuta, kwenye flashi, na kwenye hifadhi ya mtandaoni kama Google Drive. Programu hiyo hiyo kwenye simu za Android inaskani karatasi na kutoa PDF safi, kwa hiyo huna haja ya kulipia kuskani cheti kile kile mara tano.

Flashi zina ugonjwa wao. Ukiichomeka ukakuta mafaili hayapo, zimebaki alama zenye mshale mdogo, usizibonyeze na usikubali mtu aifute yote. Mara nyingi mafaili yako yamo, yamefichwa na virusi. Ilete ofisini kwanza.

Wenye kompyuta za mtumba, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, kisha Enter. Ikisema Windows 10, fahamu kwamba Microsoft ilimaliza huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Itaendelea kuwaka, lakini si mahali pa kufanyia mambo ya benki. Na anayetaka kununua mashine sasa, aulize kabla ya kulipa kama inaweza kupokea Windows 11, maana nyingi za zamani haziwezi.

Kwa upande wa tawi, kuanzia sasa hatutapokea picha za vitambulisho kupitia kundi hili. Mwenye kusajiliwa aje na kitambulisho chake ofisini. Zilizokwisha kutumwa, kila mwenye nayo aifute kwenye simu yake leo.

Mafunzo ya vitendo ni Jumamosi ijayo, saa tisa alasiri, ofisi ya tawi. Kompyuta ziko mbili, hivyo wataanza wazee na wazazi wenye watoto wanaoomba mkopo. Vijana wanaojua waje kusaidia, ila kipanya akishike anayejifunza. Njoo na simu yenye chaji, daftari, na laini unayoitumia. Wenye flashi wazikabidhi mlangoni zikaguliwe kwanza.

Imetolewa na Ofisi ya Katibu wa Tawi.