Kabla ya meno ya bandia, fizi kwanza



Ibra, Sur na Nizwa, kote naulizwa swali lile lile: "Nimekwenda kutia meno, mbona daktari anataka kunikata kaakaa?" Bi mkubwa mmoja aliinuka kitini akaondoka. Akaniambia, "Mimi nina pengo, sina ugonjwa wa kaakaa." Sikumcheka. Hata mimi ningeuliza hivyo.

Jino likitoka, mfupa uliolishika husinyaa, na ile fizi ngumu iliyoshikamana nao hupungua pia. Hubaki ngozi laini inayocheza, kama ya ndani ya shavu. Ukivaa meno ya bandia juu yake, kila ukitafuna yanasugua. Utapata vidonda, utayavua, na mwisho yatalala kwenye glasi kabatini. Wanaotiwa meno ya skrubu nao, fizi ngumu ikikosekana, kupiga mswaki huwauma, uchafu hujikusanya na fizi huvimba.

Ndiyo maana daktari huchukua kwenye kaakaa kipande chembamba, kama milimita moja hadi moja na nusu, akakishona palipopungua. Utapigwa sindano ya ganzi tu. Baadaye kaakaa huuma kuliko fizi, kama umeungua na chai, na kwa kawaida hupona katika wiki 2 hadi 4. Fizi mpya hutaka zaidi, mara nyingi wiki 6 hadi 8 au hata zaidi, kabla ya kuchukuliwa vipimo vya meno. Hapo wengi hukosa subira, hasa harusi ikikaribia.

Si lazima iwe kaakaa. Kuna vipande vya kutengenezwa, na baadhi hutokana na nguruwe, ng'ombe au ngozi ya maiti. Uliza kabla ya kutia saini. Ni haki yako, na daktari hawezi kujua linalokusumbua usiposema.

Nawe mweleze yako: kisukari, dawa za kufanya damu iwe nyepesi, tumbaku. Dawa usiache mwenyewe. Yeye ndiye aamue. Tumbaku iache, kwa sababu inazuia kipande kushika. Kwa Kiarabu fizi ni litha, na kisukari ni sukkari, hilo halitakupa taabu. Lakini usimfanye mtoto wa shule mkalimani wa operesheni. Huku Sharqiyah zipo familia nyingi zilizotoka Zanzibar baada ya 1964, Kiswahili bado wanacho. Tuambieni mapema tumtafute mtu mzima.

Ukirudi nyumbani, kula vilaini na vya baridi. Usivute mdomo kutazama kidonda, na mswaki wa mti usiufikishe pale. Damu ikitoka, kandamiza kwa kitambaa safi kilicholoweshwa, robo saa bila kuchungulia. Isipokatika, nenda hospitali. Ramadhani ikikaribia, omba miadi ya baada ya Idi.

Na wewe unayevaa meno ya zamani: kidonda kikipita wiki 2 bila kupona, usikifiche chini ya meno. Kinaweza kuwa saratani, lazima kionwe.

Mwenye miadi alete karatasi ofisini tuisome pamoja. Bi mkubwa wangu amekubali kurudi. Ameniomba jambo moja tu: nimkataze mwanawe asimpikie kahawa siku hiyo, maana harufu yake hataiweza.