Mtoto Aliyeshindwa Naye Apewe Chakula

(Maneno yaliyosemwa na watumishi wetu wa Bukavu mbele ya familia zilizohamishwa na vita na viongozi wao.)



Katika mkutano uliopita mama mmoja alituuliza: «Ninyi mnatuletea mipira, na sisi tunatafuta unga. Mchezo utamshibisha nani?» Ni swali la haki, na siku ile hatukulijibu vizuri. Leo tunataka kulijibu kwa habari za watoto wawili waliozaliwa katika mji wetu huu: Yolande Mabika, aliyezaliwa mwaka 1987, na Popole Misenga, aliyezaliwa mwaka 1992.

Vita viliwatenganisha na jamaa zao wangali watoto. Popole alikaa msituni siku nane kabla ya kuokotwa na kupelekwa Kinshasa. Yolande anakumbuka kwamba alikimbia peke yake, kisha akapandishwa helikopta. Ninyi mnaotusikiliza hamhitaji kuelezwa hayo ni mambo gani.

Huko Kinshasa, mahali pa kutunzia watoto waliohamishwa, walifundishwa judo. Ni mchezo wa kushikana na kuangushana uliotoka Japani. Kabla ya kupigana, wawili huinamiana kwa heshima, na wakimaliza huinamiana tena. Na somo la kwanza kabisa la judo ni kuanguka. Mtoto anafundishwa kuanguka bila kuumia, ainuke, aanze upya. Popole amesema mara nyingi kwamba mchezo huo ulimpa utulivu na nidhamu alipokuwa hana mzazi wa kumwelekeza.

Lakini tusidanganyane: mchezo uleule uliwaumiza pia. Wote wawili wameeleza hadharani kwamba waliposhindwa katika mashindano walifungiwa na kunyimwa chakula. Fikirini jambo hilo. Mtoto aliyepoteza jamaa zake anaambiwa kwamba akianguka hatakula.

Mwaka 2013 walipelekwa Rio de Janeiro, Brazil, kwa mashindano ya dunia. Wanasema huko nako waliachwa bila chakula wala pasipoti. Wakatoka hotelini, wakaomba hifadhi. Walianza na taabu: hawakujua lugha, wakaishi kwa vibarua na kwa msaada wa Waafrika waliowatangulia. Mwaka 2014 Brazil iliwatambua kuwa wakimbizi. Baadaye walipokelewa na mwalimu mzee, Geraldo Bernardes, aliyewahi kufundisha timu ya taifa ya Brazil. Mwanzoni walikuwa wakali mno mazoezini, waliwaangusha wenzao kwa nguvu kupita kiasi. Mwalimu alielewa sababu: kwao, kushindwa kulikuwa adhabu. Hakuwafukuza. Aliwafundisha upya, polepole.

Mwaka 2016, katika Michezo ya Olimpiki ya Rio, kulikuwa kwa mara ya kwanza na timu ya wakimbizi. Walikuwa watu 10: watano wa Sudan Kusini, wawili wa Syria, mmoja wa Ethiopia, na hao wawili wa Bukavu. Yolande alishindwa pambano lake la kwanza. Popole alimshinda Avtar Singh wa India, kisha akashindwa na Gwak Dong-han wa Korea Kusini, bingwa wa dunia wa mwaka 2015. Watu ukumbini walimshangilia, ingawa alikuwa ameshindwa. Mwaka 2021 alirudi, safari hii Tokyo, akashindwa tena. Hawakuleta medali. Medali ya kwanza ya timu hiyo ilipatikana Paris mwaka 2024, kwa Cindy Ngamba, bondia mzaliwa wa Kameruni.

Hata hivyo, kabla ya michezo ya Rio, Popole alilia mbele ya waandishi wa habari. Hakulilia medali. Aliwalilia ndugu zake wawili, ambao hata sura zao alikuwa amezisahau.

Ndugu zetu, na sisi tulikosea. Tuliwahi kuandaa mashindano ya mpira, timu ya watoto waliohamishwa dhidi ya timu ya watoto wa kata. Walioshinda tuliwapa madaftari na chakula, walioshindwa wakarudi nyumbani mikono mitupu. Jioni ile ile mawe yalirushwa. Tulisema tunaleta amani, kumbe tulikuwa tumechora mstari katikati ya watoto.

Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu.

Kwanza, timu zichanganywe. Mtoto wa mwenye nyumba na mtoto wa mgeni wavae rangi moja. Mpira wa masashe unatosha kuanzia.

Pili, mtoto asipigwe wala asinyimwe chakula kwa sababu ya kushindwa. Kama kuna bugali na sambaza, wale wote. Na mwalimu wa mchezo achaguliwe na wazazi, wamjue, wapite kumtazama akifundisha. Anayewatisha watoto aondolewe.

Tatu, na hili ndilo kubwa: kila mtoto asiye na jamaa aandikishwe. Mnaweza kwenda kwa Msalaba Mwekundu, wanatafuta jamaa waliopotezana, na hawalipishi. Andikeni jina la mtoto, la wazazi, la kijiji, na lolote analokumbuka. Fanyeni sasa, maana mtoto husahau upesi. Uwanja wa mchezo ni mahali pazuri pa kumtambua mtoto ambaye jioni hakuna anayemwita nyumbani.

Mama aliyetuuliza, tunakujibu hivi: mchezo haumshibishi mtu, na hatuwaahidi watoto wenu Olimpiki. Unga unabaki kuwa deni letu, na tutaendelea kuudai pale panapohusika. Lakini mtoto aliyeangushwa na vita anahitaji pia mtu mzima wa kumwonyesha jinsi ya kuinuka. Mtu huyo hapatikani Rio tu. Anaweza kuwa mmoja wetu tuliokaa hapa.