Tovuti Inayojibu Huanza na Daftari Safi



Mmeniomba nizungumze nanyi juu ya ufundi wa kutengeneza tovuti zinazojibu maswali ya wananchi, yaani zile zinazochota habari zake katika kanzidata. Wapo watakaosema kwamba mazungumzo ya namna hii yafaa kufanyika Dar es Salaam, wala siyo hapa Kinyala, katikati ya migomba na chai. Mimi naamini kwamba yanawahusu watu wa hapa kwanza, na nitaeleza kwa nini.

Yafaa tuanze kwa kuelewana. Tovuti tuli ni sawa na tangazo lililobandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata. Limeandikwa mara moja. Kila apitaye husoma maneno yale yale, na habari zikibadilika hapana budi mtu aliandike upya. Tovuti ninayoizungumzia leo ni sawa na karani aliyeketi mbele ya daftari. Mwananchi anapouliza, ombi lake hufika kwenye kompyuta iitwayo seva. Ndani ya seva imo programu ambayo hulipokea ombi hilo, hulifungua daftari, ambalo ndilo kanzidata, hutafuta mistari inayohusika, kisha huandika ukurasa mpya kwa ajili ya muulizaji huyo. Kujifunza ufundi huu ni kujifunza kumwelekeza karani huyo namna ya kufanya kazi yake kwa uaminifu.

Tuchukue mfano wa zao tunalolijua. Mkulima wa chai wa Rungwe huchuma majani mabichi, huyapeleka kupimwa, kilo zake huandikwa, naye hulipwa kwa kadiri ya kilo hizo. Anayetaka kuyaweka mambo hayo katika kanzidata atachora majedwali matatu: la wakulima, la mizani na la bei. Katika jedwali la kwanza kila mkulima atapewa namba yake. Kwa nini namba, na siyo jina? Kwa sababu katika wilaya hii jina moja la ukoo hubebwa na watu wengi, na kilo za mmoja zisije zikaandikwa kwa mwenziwe. Jedwali la pili litakuwa na namba ya mkulima, tarehe na kilo. Jedwali la tatu litakuwa na bei pamoja na tarehe ambayo bei hiyo ilianza kutumika.

Hiyo tarehe ya bei ni jambo dogo lenye uzito mkubwa. Fundi mzembe hufuta bei ya zamani na kuandika mpya juu yake. Siku malipo ya miezi iliyopita yatakapokokotolewa upya, hesabu zote zitageuka, na mkulima ataambiwa anadaiwa fedha alizokwisha kuzitolea jasho. Mkulima huyo hatailaumu mashine, atawalaumu walioiamini. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Sisi tuongeze kwamba daftari bovu likitiwa katika kompyuta huimaliza mali hiyo kwa haraka zaidi.

Nchi yetu inalo fundisho lake katika jambo hili. Mwaka 1965 kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha. Kazi ya hesabu haikwenda kama ilivyotarajiwa, na utaalamu ulikuwa mikononi mwa wageni. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Mwaka huo huo, huko Marekani, Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa kampuni ya IBM walitangaza lugha ya kuiuliza kanzidata maswali, ambayo baadaye iliitwa SQL, na ambayo wanafunzi wa fani hii wanaisoma hadi leo. Sisemi haya ili kuwalaumu waliotutangulia. Mashine ya gharama kubwa isiyo na wenyeji wa kuiongoza ilikuwa mzigo kwa nchi changa. Nasema ili tutambue kwamba kikwazo kikubwa kilikuwa upungufu wa watu wenye ujuzi, na watu hufundishwa.

Leo sehemu kubwa ya gharama ile haipo tena. Lugha ya PHP, iliyoanzishwa na Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, ilitolewa kwa umma mwaka 1995. Kanzidata ya MySQL ilitokea mwaka huo huo. Zote mbili hupatikana bila malipo. Tena kompyuta moja yaweza kuwa seva, kanzidata na kivinjari kwa wakati mmoja, bila kuunganishwa na intaneti. Shule yenye kompyuta moja na umeme yaweza kuanza kufundisha, hata kama mtandao unakatika kila mvua inaponyesha. Na mvua za Rungwe mnazijua.

Mfano mzuri tunao katika afya. Mfumo wa DHIS2, uliotayarishwa nchini kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Oslo, ulikuwa umeenea mikoa yote ya Tanzania Bara kufikia mwaka 2014. Lakini takwimu zake zilianzia kwenye vitabu vya MTUHA, vilivyojazwa kwa kalamu katika zahanati. Muuguzi akikosea mstari, wizara nzima husoma kosa lake.

Yapo pia mambo ya ulinzi. Kamwe programu isichukue maneno aliyoandika muulizaji na kuyatia moja kwa moja ndani ya amri ya SQL, kwani mwenye nia mbaya ataandika amri mahali pa namba, na daftari lote litakuwa mikononi mwake. Tangu tarehe 1 Mei 2023, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika nchini. Kwa hiyo uzembe wa fundi umekuwa jambo la kisheria.

Wengine watauliza: kwa nini tusinunue tovuti iliyo tayari? Kununua si vibaya. Lakini bei itabadilika, kata itagawanywa, shule itaongeza mkondo. Asiyeweza kuongeza safu moja katika jedwali lake atampigia simu fundi wa mbali, na kulipa kila mara, huku wananchi wakisubiri.

Kwa hiyo, ndugu zangu, napendekeza tuanze na kazi moja. Mwalimu achague daftari la mahudhurio la darasa moja. Mtumishi wa kata achague rejista moja. Alichore majedwali kwenye karatasi, amwonyeshe mwenzake, wabishane juu ya kila safu. Wakikubaliana, ndipo waiwashe kompyuta. Kazi hiyo itawachukua majuma kadhaa, na vijana wa kidato cha tatu wataweza kuifanya pamoja nao.